Masika na baiskeli za mbio hapa Dar: mvua inataka ufundi kuliko ujasiri

MLETA UZI

Wakuu, salaam kwenu.

Kila mwaka Machi ikielekea ukingoni naona jambo lilelile kwenye makundi yetu ya baiskeli. Wapo wanaotundika baiskeli ukutani mpaka Juni, na wapo wanaotoka hata mbingu zikifunguka, wakirudi wanatuma picha za miguu yenye matope na kupongezwa kwa ushujaa. Nimefanya mazoezi na kushiriki mbio za ridhaa hapa Dar na Pwani kwa misimu kadhaa sasa, na jambo hili linaniuma: tunaizungumzia mvua kama kipimo cha uanaume. Mvua inataka ufundi. Mwenye ufundi anarudi salama siku ambayo jasiri anapelekwa kushonwa goti, na kujua siku ya kubaki nyumbani nako ni ufundi.

Nitaandika kwa urefu, mwenye haraka asome kidogo kidogo.

Nianze na lami. Wengi wanadhani hatari inakuja mvua ikishakuwa kubwa. Mimi nazihofia zaidi dakika za mwanzo, hasa baada ya jua kali la Januari na Februari. Barabara ya Morogoro, Mandela, Nyerere, zote zinapitisha malori usiku na mchana. Dizeli inadondoka, oili inadondoka, vumbi la matairi linatua juu yake. Manyunyu yakianguka yanauinua ule mchanganyiko unaelea juu ya lami, na ukiangalia kwa karibu unaona maji yana rangi za upinde. Hapo hata kona uliyoizoea inakukataa. Mvua ikipiga nusu saa ya maana inaosha, na lami inarudisha mshiko kiasi chake. Kwa hiyo manyunyu ndiyo yananifanya nipunguze mwendo papo hapo, wakati wenzangu ndiyo kwanza wanasema "hii si mvua, twende".

Halafu kuna rangi na chuma. Zebra, mishale ya barabarani, mstari mweupe wa pembeni, mifuniko ya chemba, vile viungio vya chuma unavyovikuta kwenye madaraja kama Tanzanite na lile la Kigamboni. Vyote hivyo vikilowa havina rafiki. Ukivikuta, baiskeli iwe imesimama wima, mikono imelegea, miguu imetulia, usikate usukani na usishike breki. Fanya yote kabla hujafika au baada ya kupita.

Kitu cha tatu ambacho nadhani ni cha kwetu zaidi ni mchanga. Mbezi, Goba, Salasala, Bunju, barabara za mitaa nyingi ni za udongo na zinashuka kuelekea barabara kuu. Mvua ya usiku inakokota mchanga na kuumwaga juu ya lami pale njia zinapokutana. Asubuhi jua linawaka, lami imekauka, moyo umetulia, unaingia kona kushoto kwa kasi ya kawaida na kukuta kitanda cha mchanga mkavu laini kabisa. Siku inayofuata baada ya mvua ni ya kuangalia kuliko siku ya mvua yenyewe. Mimi siku hiyo nakata kona kwa mwendo wa mtu anayeenda dukani, hata kama nafanya mazoezi ya kasi.

Na bodaboda. Mvua ikishuka wanakimbilia kujikinga chini ya madaraja ya waenda kwa miguu na madaraja ya juu. Kila mtu ana haki ya kujikinga, lakini pale panajaa pikipiki mpaka njia ya kushoto inabaki upenyo, na nyingine zinakatisha ghafla kutoka katikati ya barabara. Ukiona wingu limefunga na mbele kuna daraja, jua mapema kwamba kushoto hapapitiki.

Breki nitaziandikia peke yake, ngoja nipumue.

MDAU WA KIMARA

Mkuu, uzi mzuri. Ila hujagusa Jangwani. Mimi natoka Kimara, kwenda mjini lazima nishuke Magomeni. Bonde la Msimbazi likijaa Barabara ya Morogoro inafungwa, lakini maji yakipungua kidogo watu wanavuka na baiskeli begani au wanakanyaga tu. Maji ya magotini unayaonaje?

MLETA UZI

Kaka, msimamo wangu hapa hauna mjadala: maji ambayo huoni chini yake hayapitwi kwa baiskeli. Mfuniko wa chemba ukisombwa, shimo lile linabaki limefunikwa na maji ya kahawia na hakuna alama yoyote juu yake. Tairi lenye upana wa milimita 25 linazama lote, na wewe unatangulia kwa kichwa.

Na hayo maji ni ya nini? Ni ya mto uliopita katikati ya nyumba na vyoo vilivyofurika. Mnaikumbuka homa ya mgunda iliyotangazwa kule Lindi mwaka 2022. Ugonjwa ule unabebwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, na unaingia kupitia ngozi yenye michubuko, macho na mdomo. Mwendesha baiskeli ana michubuko muda wote. Kipindupindu sina haja ya kukieleza kwa mtu wa Dar.

Nikiwa hapohapo: mdomo wa chupa ya maji. Tairi la mwenzako linakurushia maji ya barabarani usoni na kwenye chupa iliyo kwenye fremu. Ukinyonya ile chupa unakunywa barabara. Masika natumia chupa zenye kifuniko cha juu kinachofunika chuchu, na kabla ya kunywa naminya maji kidogo yamwagike kwanza. Kikundi chetu tulipoanza tabia hii, malalamiko ya tumbo baada ya safari za mvua yalipungua sana.

MDAU WA SINZA

Mimi sikubaliani na kulegea legea. Mwaka 1980 Mfaransa Bernard Hinault alishinda Liège–Bastogne–Liège, mbio kubwa za siku moja kule Ubelgiji, kwenye theluji, akamwacha wa pili zaidi ya dakika 9. Sisi mvua ya vuguvugu tunaogopa? Mchezo huu ni wa watu wagumu.

MLETA UZI

Mkuu, umeleta mfano mzuri na nakushukuru, maana hadithi ile inasimuliwa nusu. Walianza watu 174, wakamaliza 21. Hinault mwenyewe, aliyeshinda, vidole vyake viwili havikurudi kuwa vizima mpaka leo. Alikuwa na timu, gari nyuma yake, na kazi yake ilikuwa ni hiyo. Mimi na wewe Jumatatu tunatakiwa kazini na vidole vyote.

Baadaye huko UCI, chama cha baiskeli cha dunia, wakaweka utaratibu wa hali mbaya ya hewa: mvua ya barafu, theluji, upepo mkali, joto kupita kiasi, vikitokea watu wanakaa na kuamua kama njia ibadilishwe, mbio zifupishwe au zifutwe. Mashindano ya dunia ya Yorkshire, Uingereza, mwaka 2019 yalifupishwa kwa sababu ya mvua, kutoka kilomita 285 hadi kama 261, na hakuna aliyesema wale ni waoga. Mads Pedersen wa Denmaki ndiye alishinda. Lakini mimi kilichonifunza zaidi siku ile ni Mholanzi Mathieu van der Poel. Alikuwa kwenye kundi la mbele, kila mtu akimpa ushindi, ghafla kwenye mzunguko wa mwisho nguvu zikakatika, akaachwa kama mtu aliyesimama. Mvua na baridi vinakusahaulisha kula. Mikono inakufa ganzi, mfuko wa nyuma haufunguki, unasema nitakula mbele, na mbele hakufiki.

Hapa Dar baridi si ile, lakini kusahau ni kulekule. Mtu akilowa haoni jasho lake, anadhani hatoki jasho, hanywi. Mimi kwenye mvua naweka tende mfukoni, kwa sababu hazilainiki, hazihitaji kumenywa na naweza kuzitoa kwa mkono mmoja. Ndizi huwa inapondeka na kuteleza. Kashata ikilowa inanata na mfuko.

MDAU WA SINZA

Hapo kwenye vidole sikuwa najua. Endelea mkuu.

MLETA UZI

Breki sasa. Wengi wetu baiskeli zetu ni za mtumba, zenye breki za kubana rimu. Rimu ikilowa, raba ya breki lazima kwanza ifute maji ndipo ibane. Tupige hesabu: ukiwa na kilomita 40 kwa saa unakwenda mita 11 kila sekunde, sawa na urefu wa basi kubwa la mkoani. Breki ikichelewa sekunde moja tu, umeshaingia kwenye basi zima. Kwa hiyo kwenye mvua breki zinaguswa mapema, kidogo kidogo, kufuta maji, hata pale ambapo bado hutaki kupunguza mwendo. Zenye diski zina nafuu kubwa hapa, lakini hazikuongezei mshiko wa tairi, na mwenye diski ana jukumu la kumfikiria mwenye rimu aliye nyuma yake. Akikamata ghafla, wa nyuma hana pa kwenda.

Jambo lingine ni sauti. Ukibana breki na kusikia mkwaruzo kama kisu kwenye sahani, simama. Ni mchanga umeingia kwenye raba, na unaila rimu. Nikifika nyumbani natoa raba, naiangalia juani, na mara nyingi nakuta vipande vidogo vinavyometa: ni alumini ya rimu yenyewe, imekatwa na kuzama ndani ya raba. Navichokoa kwa sindano kimoja kimoja, halafu naisugua raba kwa msasa. Rimu ikishakuwa na bonde pale raba inapogusa, hiyo imekwisha, iwe ni ya bei gani. Ikipasuka kwenye mwendo, hakuna ufundi utakaokusaidia.

Upepo wa matairi: siku ya mvua napunguza psi 5 hadi 10 kwenye kipimo cha pampu. Tairi likilegea kidogo linalalia lami vizuri. Makovu ya kwenye tairi la lami, yale maua maua, hayasaidii chochote, usidanganywe dukani. Ulaini wa mpira wenyewe na upana ndivyo vinavyoshika. Kama fremu inaruhusu milimita 28, weka 28.

MDAU WA KISARAWE

Kaka mleta uzi, mimi si mtu wa mbio. Nilibeba mkaa kwa baiskeli kutoka Kisarawe kushuka Pugu hadi Gongo la Mboto miaka mingi kabla sijapata kazi nyingine. Unayosema ya breki ni kweli tupu. Sisi na magunia mawili nyuma hatukuwa tunasubiri mteremko uanze. Tulikuwa tunashika breki ya nyuma tangu kileleni na kuishika hivyohivyo, mguu mmoja uko tayari kugusa chini. Raba zikiisha tulikata ndala. Na nyuma ya tairi la mbele tulifunga kipande cha mpira wa tairi la gari kining'inie, matope yasiruke machoni. Nyie wa mbio naona hamna kitu pale, mnarushiana tope usoni.

MLETA UZI

Shikamoo kaka, heshima yako. Ule mteremko wa Pugu ukilowa hata bila mzigo unanitoa jasho. Kile kipande cha mpira nakiunga mkono kabisa, na kwenye mazoezi ya kundi kwetu siku hizi ni sharti: masika asiye na madigadi ya nyuma, hata ya kukata kutoka dumu la mafuta, anakaa mkiani. Mtu wa nyuma akipigwa maji machoni haoni shimo, na yeye akianguka mnaanguka wote.

Nimeahidi habari za mbio. Kuna moja ya ridhaa upande wa Bagamoyo, vuli, tuliyoanza kwenye jua. Tulipokaribia Kerege wingu likaja kutoka baharini, na mvua ikatushukia yote kwa pamoja bila manyunyu ya kutanguliza. Kundi lilikuwa kubwa, na mara moja likaanza kuvutika na kubanana: wa mbele wanagusa breki kwa hofu, wa kati wanagusa zaidi, wa nyuma wanakaribia kusimama, halafu wote wanakimbia tena kuziba pengo. Ukiwa nyuma kwenye mvua unalipa mara mbili, kwa miguu na kwa ngozi. Nilitumia nguvu nyingi kupanda hadi watano wa kwanza, na sikujuta hata tone la jasho. Mbele unaona lami yako mwenyewe, unachagua mstari wako.

Miwani ilijaa ukungu, nikaishusha hadi puani na kutazama juu yake. Mdomoni ladha ya udongo na dizeli. Mbele yangu kulikuwa na kijana mwenye nguvu kuliko sisi wote, nilikuwa naona kwa jinsi alivyokuwa hakanyagi hata kwa jitihada. Tukafika kijijini penye tuta lenye michirizi ya rangi, kama ilivyo karibu na shule nyingi. Kushoto kulikuwa na shimo limejaa maji. Akalikwepa akiwa juu ya rangi, akikata usukani kidogo tu, kama vidole viwili hivi, na tairi la mbele likaondoka chini yake bila sauti. Alipita kifudifudi kwenye maji kama mtelezo wa watoto. Nashukuru Mungu alichubuka tu na akainuka. Nguvu zake zote zilibaki pale.

Baada ya hapo tuliobaki mbele tulianza kuongea. "Shimo kulia!" "Mchanga!" "Rangi, rangi!" Mvua ilikuwa inapiga kelele kwenye helmeti kiasi kwamba ishara za mkono peke yake hazikutosha, na kuachia usukani ili uonyeshe kidole nako ni hatari. Tulikuwa wapinzani, lakini kwa ile nusu saa kila mtu aliyalinda magurudumu ya mwenzake. Kwenye kona ya mwisho hakuna aliyejaribu kupita kwa ndani. Tukanyooka wima kwanza, ndipo tukakimbizana. Aliyeshinda alistahili.

Kitu ambacho sikukipenda siku ile ni kwamba radi ilikuwa inapiga na hakuna aliyekuwa na utaratibu wa kusimamisha. Radi inahesabika: ukiona mwanga, hesabu sekunde hadi usikie mngurumo, gawa kwa tatu, hizo ni kilomita. Ikifika sekunde 30 au chini yake, mbio zisimame na watu waingie ndani ya jengo au gari, na wasitoke mpaka nusu saa ipite tangu mngurumo wa mwisho. Matairi ya baiskeli hayakukingi na radi. Waandaaji wetu wa ridhaa wanajitolea na nawapenda, lakini kabla ya filimbi ya kuanza watangaze nani ana mamlaka ya kusimamisha na kwa kigezo gani. Vivyo hivyo kwenye kundi la mazoezi: uamuzi wa kugeuza usiachiwe mwenye nguvu kuliko wote. Kwetu akisema mmoja tu "mimi nageuza", tunageuza wote, na haulizwi.

Na tahadhari za TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, zisomwe jioni kabla ya kulala. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani, boti za Zanzibar zilisimama. Siku ambayo manahodha wanakaa bandarini, mimi na baiskeli ya kilo nane nakwenda wapi?

DADA WA MIKOCHENI

Kaka shukrani, nimesoma yote. Mimi ni mgeni kwenye mchezo, naendesha Toure Drive na Coco Beach alfajiri. Maswali mawili. Kwanza mavazi: koti la mvua nililonunua linanichemsha. Pili upepo: kuna siku Tanzanite inataka kunisukuma kwenye ukingo. Ni mimi au baiskeli?

MLETA UZI

Karibu sana dada. Koti la nailoni kwa hali ya hewa yetu liache, utalowa jasho ndani kabla mvua haijakulowesha nje. Kwetu kulowa hakuepukiki. Kinachotafutwa ni kifua kisipigwe na upepo kikiwa kimelowa. Kizibao chepesi kisicho na mikono kinatosha. Waendeshaji wa Ulaya walikuwa wanaweka gazeti kifuani chini ya jezi kabla ya kushuka milima, na hata hapa, ukisimama kwa pancha huku umelowa na kusi inavuma, gazeti linasaidia kweli. Kaptura iliyolowa inakwangua: paka mafuta ya mgando ya kutosha kabla ya kutoka, na ukirudi usikae nayo hata dakika, oga na ujikaushe. Vidonda vya siti vinaanzia pale. Simu zamani tulifunga kwa rambo, lakini tangu mifuko ile ipigwe marufuku Juni 2019 tafuta kipochi cha kuzuia maji. Taa nyekundu ya nyuma iwake hata mchana.

Upepo si wewe. Pale daraja liko wazi baharini na unapigwa ubavuni. Shika usukani sehemu yake ya chini, inama, usiikaze mikono, na acha nafasi upande upepo unakokusukumia. Kama una rimu ndefu, zile zenye ubavu mpana, siku za upepo weka za kawaida hasa mbele. Na lori likikupita linakukinga sekunde moja, halafu linakuachia upepo wote kwa mpigo, uwe tayari.

Kwa wanaokwenda Bagamoyo: tangu Mei hivi hadi Oktoba kusi ndiyo inatawala, na barabara ile inaelekea kaskazini. Unakwenda unasukumwa, unajiona una miguu mipya, unafika Mapinga bila habari. Kurudi ndiko kuna kazi. Msimu huo geuza ukiwa na zaidi ya nusu ya chakula na maji. Kaskazi ikishika, Desemba hadi Februari, hesabu inageuka, unatoka kwa tabu na kurudi kwa raha, ila jua la miezi hiyo linahitaji uzi wake. Upepo wa ubavu unataka watu wajipange mshazari, kila mmoja akijificha pembeni ya mwenzake, lakini kwa barabara zetu zenye daladala mshazari wa watu watatu wanne ndio mwisho. Wengine waunde kundi lao nyuma, wasining'inie kwenye ukingo wa lami.

MDAU WA TABATA

Mimi ninafanya mazoezi ndani kwenye rola, kile kifaa cha kukanyagia baiskeli bila kwenda popote, masika yote na Juni niko vizuri. Sioni hasara.

MLETA UZI

Mkuu, kwa pumzi na miguu huna hasara, nami siku za mafuriko niko ndani kama wewe. Ila rola haikufundishi breki wala kona. Hata siku moja kwa wiki, mvua ikiwa imeshaosha lami, chukua barabara tulivu isiyo na magari, zunguka taratibu, jifunze baiskeli yako inavyosimama ikilowa. Mbio za vuli zitakukuta unajua.

MDAU WA KIMARA

La mwisho kutoka kwangu. Baiskeli yangu baada ya mvua inalia chini pale kwenye pedeli, fundi kasema beringi. Nimebadilisha, imerudi tena.

MLETA UZI

Kaka, maji yanaingia kwenye fremu kupitia bomba la siti na kutulia chini kwenye beringi. Ukirudi, weka alama ya urefu wa siti kwa utepe, ichomoe, pindua baiskeli matairi juu, iache saa moja. Usishangae maji yakitoka glasi nzima. Angalia chini ya fremu kama kuna kitundu cha kutolea maji, kizibue kwa spoki. Kisha paka grisi bomba la siti kabla ya kurudisha.

Cheni ioshe kwa maji safi na sabuni, usitumie mashine ya presha ya kuoshea magari, inasukuma maji ndani ya beringi. Ikaushe kwa kitambaa, iache juani, halafu tone moja la oili kwa kila kiungo, zungusha, futa yote inayobaki nje. Kama umepita Coco Beach au Ocean Road fanya hivyo siku hiyohiyo, chumvi haisubiri kesho. Ikilia tena baada ya hapo, fundi akague kama kikombe cha beringi kimekaa sawa kwenye fremu, maana kikikaa upande hata beringi mpya itakufa.